Mbegu Haitunzi Chotara: Historia ya Pilipili, Jeni na Kisu cha Kupogolea

Tuseme umekula pilipili moja ambayo hujawahi kukutana na mfano wake. Inawasha barabara, lakini ina harufu ya tunda lililoiva, na nyama yake ni nene, siyo ngozi tupu. Ukaona usiiache ipite hivi hivi. Ukatoa mbegu, ukazianika kivulini, ukazisia kwenye kopo, kisha ukahamishia miche kumi kwenye ndoo za rangi zilizokwisha kazi pale uani. Miezi michache baadaye mche wa kwanza unazaa pilipili fupi, wa pili ndefu na nyembamba, wa tatu unazaa kwa kusuasua, na wa nne una pilipili nzuri kwa macho ambayo haiwashi hata kidogo. Ukiipitia miche yote kumi, hakuna uliokurudishia ile pilipili uliyoila.

Wengi hapo watalaumu udongo, mbolea, au "mbegu za siku hizi". Kumbe hakuna kilichoharibika. Mbegu zimefanya kazi yake kama inavyotakiwa. Ile pilipili ilitoka kwenye mmea chotara, yaani mmea uliozaliwa na wazazi wawili wa aina tofauti, na mbegu siyo chombo cha kumtunzia mmea wa namna hiyo. Kuna chombo kingine, nacho ni kisu. Ili tuelewane kwa nini, inabidi turudi nyuma kidogo, hadi kwenye safari ya pilipili yenyewe.

Mgeni aliyepewa jina la mwenyeji

Neno "pilipili" ni la zamani kuliko pilipili tunayoijua. Asili yake ni neno la Kisanskriti, pippali, lililokuwa jina la pilipili ndefu ya India. Likapita kwenye Kiajemi na Kiarabu (Waarabu wanasema filfil), na watu wa Bahari ya Hindi wakalitumia kwa zile punje nyeusi za biashara ambazo sisi leo tunaziita pilipili manga. "Manga" ni Uarabuni, hasa upande wa Oman. Punje hizo hazina undugu wowote na pilipili kali. Ni mmea wa familia nyingine kabisa, unaotambaa kama mtambaazi.

Pilipili kali inatoka Amerika. Wenyeji wa Mexico na Amerika Kusini walikuwa wakiilima zaidi ya miaka 6,000 iliyopita. Mnamo Januari 1493 Christopher Columbus, akiwa kwenye visiwa vya Karibi, aliandika kwenye shajara yake kuhusu ají, kiungo ambacho wenyeji walikitumia kama pilipili na ambacho yeye alikiona kina thamani kuliko pilipili aliyoizoea. Alikuwa ametoka kwao kutafuta njia ya kufikia viungo vya Asia, kwa hiyo usishangae kwamba jina la kiungo cha Asia likabandikwa kwenye tunda la Amerika.

Baada ya hapo kasi ilikuwa kubwa. Vasco da Gama alifika Mombasa, Malindi na kisha Calicut mwaka 1498, na katika karne iliyofuata meli za Wareno ziliunganisha Brazil, Afrika na India. Wanahistoria wengi wanaona ndizo zilizofanya kazi kubwa ya kuieneza pilipili kali. Mwaka 1542 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Leonhart Fuchs, alichapisha picha za pilipili kali kwenye kitabu chake, na akaiita pilipili ya Calicut. Haikupita hata miaka 50 tangu Columbus, na tayari Ulaya ilidhani ni mmea wa India!

Kosa la namna hiyo halikuishia kwa Fuchs. Mwaka 1776 Nikolaus von Jacquin alitoa jina la kisayansi kwa kundi ambalo ndani yake tunazo habanero na zile za duara zenye mikunjo tunazoziita pilipili mbuzi. Aliliita Capsicum chinense, yaani "ya China". Asili ya kundi hilo ni bonde la Amazon. Lakini jina likishaandikwa limeandikwa, na mpaka leo tunalitumia.

Huku kwetu majina nayo yalihama. Ukifungua kamusi za Kiswahili za zamani utakuta "pilipili hoho" imeelezwa kuwa ni pilipili nyekundu kali. Leo ukiagiza hoho sokoni Kariakoo utapewa ile kubwa isiyowasha, ya kuweka kwenye mboga na kachumbari. Na pilipili ndogo za pwani yetu zilitoka nje pia: za Zanzibar na za Mombasa ziliwahi kujulikana kwa majina hayo hayo kwenye biashara ya viungo ya London.

Kwa nini nakusimulia majina? Kwa sababu nyuma ya majina hayo kulikuwa na jambo la kibiolojia. Zipo spishi tano za pilipili zilizofugwa na binadamu, na tatu kati yake (annuum, chinense na frutescens) ni ndugu wa karibu. Zote zina kromosomu 24, na mara nyingi zinaweza kuzaliana zenyewe kwa zenyewe. Kule Amerika zilikuwa zimetawanyika maeneo tofauti. Zilipobebwa na kupandwa bustani moja huko Asia na Afrika, nyuki wakapata kazi mpya. Bhut jolokia, pilipili maarufu ya kaskazini-mashariki mwa India, ni ushahidi mzuri: uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ni chinense iliyobeba pia jeni za frutescens. Mwaka 2007 iliingia kwenye rekodi za Guinness kama pilipili kali kuliko zote duniani.

Je, hoho iliyo jirani na pilipili kichaa huwasha?

Hapa kuna imani moja inayozunguka sana: "Usipande hoho karibu na pilipili kichaa, hoho zako zitawasha." Imani hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayotupeleka kwenye kiini cha makala hii.

Ua la pilipili lina sehemu za kiume na za kike pamoja, na mara nyingi hujichavusha lenyewe. Nyuki akipita anaweza kuleta chavua ya jirani. Chavua hiyo ikikutana na yai ndani ya ua, kinachozaliwa ni kiinitete kilicho ndani ya mbegu. Tunda lenyewe, yaani nyama, ngozi na ule utando mweupe unaoshikilia mbegu, ni mwili wa mama. Baba hana mchango wake hapo.

Sasa, kemikali inayowasha, kapsaisini, hutengenezwa kwenye ule utando mweupe. Mbegu haziitengenezi, zinawasha kwa sababu zimeushika utando huo. (Kemikali yenyewe ilipewa jina hilo na Mwingereza John Clough Thresh mwaka 1876.) Kwa hiyo hoho yako ya msimu huu itabaki hoho hata ikizungukwa na pilipili kichaa pande zote nne. Lakini chukua mbegu zake uzipande, na msimu ujao unaweza kupata hoho inayotoa machozi. Uchotara unajificha kwenye mbegu na unajitokeza kizazi kinachofuata.

Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba wameitambua jeni inayoamua kama pilipili itawasha au la. Inaitwa Pun1. Kwenye hoho, jeni hiyo imepotelewa na kipande, kwa hiyo haifanyi kazi. Mche ukirithi nakala moja nzima kutoka kwa mzazi mmoja na moja mbovu kutoka kwa mwingine, bado utawasha, kwa sababu nakala moja inatosha. Mche huo ukijichavusha, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne atarithi nakala mbovu zote mbili. Huyo ndiye yule mche wako wa nne: mzuri kwa macho, moto hakuna.

Mtoto yatima aliyenyoosha pilipili

Kabla jeni hazijajulikana, watu waliboresha pilipili kwa jicho na kwa subira. Mmoja wao ni Fabián García. Alizaliwa Chihuahua, Mexico, mwaka 1871, akafiwa na wazazi angali mdogo, na bibi yake akamlea na kuvuka naye mpaka hadi New Mexico, Marekani. Mwaka 1894 alikuwa miongoni mwa wahitimu wa kwanza wa chuo cha kilimo kilichokuja kuwa New Mexico State University, na baadaye aliongoza kituo cha utafiti cha chuo hicho.

Tatizo alilolikuta lilikuwa la kawaida kabisa. Kila mkulima alikuwa na pilipili yake, na hata ndani ya shamba moja mimea haikufanana: huu unawasha sana, ule kidogo, hii imepinda, ile ngozi ngumu kumenya. Kiwanda cha kusindika hakiwezi kufanya kazi na kitu kama hicho. García alianza na aina 14 za wenyeji, akawa anachagua mimea bora, anapanda mbegu zake, anachagua tena, mwaka hadi mwaka. Mwaka 1921 alitoa aina aliyoiita New Mexico No. 9, ndefu, nyoofu, na yenye ukali unaotabirika. Pilipili ndefu za New Mexico zinazouzwa leo zina asili yake hapo.

Angalia alichokifanya. Hakuishia kwenye mmea mmoja mzuri. Alihakikisha mbegu ya mmea huo inazaa mmea unaofanana nao, na hilo ndilo lililomla miaka.

Hesabu yake ni rahisi. Mche chotara wa kizazi cha kwanza una nakala mbili tofauti kwenye kila jeni ambayo wazazi wake walitofautiana. Ukijichavusha, tofauti hizo zinapungua nusu kila kizazi: asilimia 50, kisha 25, kisha 12.5, na kuendelea. Inachukua vizazi sita, saba au nane mpaka aina "itulie", yaani watoto wafanane na mama. Na je, uwezekano wa kupata nakala kamili ya chotara wako kutoka kwenye mbegu zake? Tuseme wazazi walitofautiana kwenye jeni 10 tu zinazojitegemea. Uwezekano ni mmoja kati ya 1,024. Wewe ulipanda miche kumi. Umeona sasa?

Siri ya mfuko wa mbegu

Kama chotara hatulii, mbona madukani kuna mbegu chotara zinazoota zikifanana zote? Jibu: zinatengenezwa upya kila msimu. Kampuni inatunza aina mbili zilizotulia, inazikutanisha, na kukuuzia watoto wa kwanza, ambao kitaalamu wanaitwa F1. Wote wanafanana kwa sababu wote wamerithi kitu kile kile kutoka kwa wazazi wale wale.

Kuzikutanisha kwa mkono ni kazi hasa. Unafungua ua kabla halijachanua, unatoa vifuko vya chavua kimoja kimoja, unapaka chavua ya mzazi mwingine, unafunga uzi wa alama. Ndiyo maana ripoti ya mwaka 1958 ya Mmarekani P. A. Peterson ilikuwa na uzito. Aliripoti mimea ya pilipili yenye asili ya India ambayo haitoi chavua inayofaa, na hali hiyo hurithiwa kwa upande wa mama. Mmea wa namna hiyo hauhitaji kutolewa vifuko vya chavua: hauwezi kujichavusha, kwa hiyo kila mbegu yake ina baba wa nje.

Sioni ubaya wa F1. Miche inaota kwa pamoja, mingi inazaa vizuri, na baadhi ina kinga dhidi ya magonjwa. Lakini ujue unachonunua: msimu mmoja. Anayewashika wazazi ndiye anayeishika aina hiyo, na wazazi hawauzwi.

Hata kwenye mashindano ya ukali mambo ni hayo hayo. Ed Currie wa South Carolina alipata rekodi ya Guinness mwaka 2013 kwa Carolina Reaper, ambayo kwa maelezo yake ilitokana na kukutanisha pilipili ya Pakistan na habanero ya kisiwa cha Saint Vincent. Reaper imetulia, mbegu zake zinazaa Reaper, na ndiyo maana ilienea dunia nzima ikakuzwa na kila mtu. Mwaka 2023 alipotangaza Pepper X, yenye wastani wa 2,693,000 kwenye kipimo cha Scoville, alikataa kuuza mbegu zake. Somo alikuwa ameshalipata.

Kisu kinaingiaje?

Haya, turudi uani kwako. Unao mmea mmoja chotara uliokupendeza. Mbegu zake haziwezi kumrudisha. Ila mmea wenyewe bado uko hai, na pilipili siyo kama mahindi ambayo yakishazaa yamekufa. Pilipili ni kichaka cha kudumu. Huko Ulaya wanailima kama zao la mwaka mmoja kwa sababu baridi inaiua. Hapa kwetu baridi kali haipo, na mmea unaotunzwa vizuri unaweza kuishi miaka kadhaa. Tunaong'oa mapema ni sisi.

Kupogoa kunafanya kazi kwa sababu ya jambo ambalo wanasayansi wamelihangaikia karibu karne nzima. Ncha ya mmea inawazuia wadogo zake, yaani machipukizi yaliyolala kwenye makwapa ya majani. Mwaka 1933 Kenneth Thimann na Folke Skoog walikata ncha za maharage, wakaweka homoni ya oksini mahali pa kidonda, na machipukizi ya pembeni yakaendelea kulala kana kwamba ncha bado ipo. Kwa muda mrefu maelezo yakawa hayo: oksini inashuka kutoka juu na kuwanyamazisha walio chini. Mwaka 2014 utafiti wa njegere ukaongeza jambo: ncha pia inafyonza sukari nyingi, na ukiikata, sukari hiyo inafika kwenye machipukizi na kuyaamsha hata kabla oksini haijapungua pale yalipo. Kwa maneno mengine, ukikata kichwa unaondoa mkubwa aliyekuwa anakula sahani ya wote.

Kwa vitendo, fanya hivi:

Mche ukifika kama sentimita 20 na kuwa na majani sita hadi nane ya kweli, kata ncha juu kidogo ya kifundo cha jani. Matunda ya kwanza yatachelewa kidogo, lakini utapata kichaka kifupi chenye matawi mengi, kisichoanguka kwa upepo. Kama aina yako yenyewe hugawanyika vizuri, siyo lazima. Wakulima wa hoho kwenye nyumba-kitalu wanafanya kinyume: wanabakiza mashina mawili tu, wanayafunga kwa kamba na kupunguza mengine, kwa sababu wanatafuta matunda makubwa.

Mmea ukichoka baada ya misimu, usiung'oe. Punguza matawi hadi vishina vifupi, ukibakiza vifundo kadhaa kwenye kila kimoja, ondoa yaliyokufa, weka mboji, mwagilia kwa kiasi. Majani machache yanakunywa maji machache, kwa hiyo ukiujaza maji utaozesha mizizi. Machipukizi mapya yatatoka, na kijeni ni mmea ule ule.

Vipande ulivyokata usivitupe vyote. Chagua tawi la kijani lisilo na ua, kama sentimita 10, toa majani ya chini, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, weka kivulini na ufunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Pilipili ni mzito kutoa mizizi kuliko nyanya, kwa hiyo chomeka vitano ukitarajia viwili au vitatu. Vitakavyoshika ni nakala kamili ya chotara wako, siyo moja kati ya 1,024.

Tahadhari moja: kisu na mikono husambaza virusi, hasa vya batobato ya tumbaku, vinavyoishia pia kwenye pilipili na nyanya. Osha mikono kwa sabuni, hasa kama unavuta sigara, safisha kisu kabla ya kuhamia mmea mwingine, na usichukue kipandikizi kwenye mmea wenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka. Ugonjwa nao unanakiliwa.

Njia mbili, chagua

Una njia mbili basi. Ya kwanza ni ya kisu: pogoa, chukua vipandikizi, ubaki na mmea ule ule na umgawie jirani. Udhaifu wake ni kwamba kirusi kimoja kinaweza kumaliza ukoo mzima.

Ya pili ni ya García. Panda mbegu za chotara wako, si kumi bali hamsini kama nafasi ipo, chagua mche mmoja unaokaribia unachokitaka, funika maua yake kwa mfuko mwepesi wa chachi ili nyuki wasiingie, weka alama, panda mbegu zake, rudia. Misimu saba siyo mchezo. Lakini mwisho wake utakuwa na mbegu yenye tabia unayoijua, ambayo unaweza kumpa mtu ndani ya karatasi iliyokunjwa na isimdanganye.

Mimi ningefanya zote mbili kwa wakati mmoja: kisu kiulinde mmea wakati mbegu zinajifunza kutulia. Wazee walisema pilipili usiyoila yakuwashiani. Hii umeshaila, na mmea wake bado uko pale uani. Kabla hujaung'oa, angalia kwanza kwenye makwapa ya majani kama kuna machipukizi.